Handaki la Texas: Fahari ya Taifa Ilipoishia Njiani



Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Ndivyo walivyosema wazee wetu, nao hawakuwa wakizungumzia fizikia. Lakini katika historia ya mashine kubwa za sayansi upo mfano unaolingana barabara na msemo huo. Chini ya ardhi ya Texas, nchini Marekani, karibu na mji mdogo wa Waxahachie, yalichimbwa mahandaki ya zaidi ya kilomita 22 ambayo hayakufika popote. Yalichimbwa ili yawe njia ya mashine kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa kwa ajili ya kuchunguza chembe ndogo kabisa za maumbile. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliukata mradi huo, ilhali takriban dola bilioni mbili zilikwishatumika.

Tumeichagua habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaoishi ughaibuni ni walipa kodi wa nchi zinazogharimia mashine za namna hii. Anayekatwa kodi Uingereza, Ujerumani au Uholanzi anaichangia maabara ya CERN ya Geneva, ajue asijue. Pili, huko nyumbani nako neno "heshima ya taifa" halikauki midomoni mwa wakubwa kila unapotangazwa mradi mkubwa. Ni vyema tukajua neno hilo lina nguvu kiasi gani, na nguvu hiyo huishia wapi.

Jawabu la Wilson

Turudi nyuma kidogo. Mwezi Aprili 1969 mwanafizikia Robert Wilson aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Alikuwa akiomba fedha za kujenga mashine ya kuongeza kasi ya protoni karibu na Chicago, katika maabara ambayo leo tunaijua kwa jina la Fermilab. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, na Seneta John Pastore alimwuliza kama mashine hiyo ingesaidia kwa namna yoyote ulinzi wa nchi. Ilikuwa kama seneta anamtandikia mkeka. Angesema ndiyo, mambo yakawa mepesi. Wilson hakuukalia mkeka ule. Alisema mashine yake haihusiani na ulinzi. Alipoulizwa kuhusu mashindano na Warusi, aligusia tu kwamba teknolojia ingeendelea baada ya muda mrefu, kisha akaendelea kueleza kwamba jambo hili ni la heshima ya mwanadamu na utamaduni wake, sawa na uchoraji na ushairi. Haliilindi nchi, alisema, isipokuwa linaifanya nchi istahili kulindwa.

Fedha alipewa. Mwaka 1972 mashine ilifikia nishati iliyoahidiwa, na mradi ukamalizika chini ya bajeti yake ya dola milioni 250. Tumeanza na kisa hiki ili msomaji apate kipimo. Wilson aliomba fedha za umma kwa kusema sayansi ni nini, na hakuahidi kwamba Marekani itamshinda mtu. Miaka 14 baadaye lugha ilikuwa nyingine kabisa.

Mabao matatu ya Ulaya

Mwezi Januari 1983 wanasayansi wa CERN walitangaza kwamba wameiona chembe iitwayo W, ambayo wataalamu walikuwa wameitabiri kwa miaka mingi bila ya kuiona. Miezi michache baadaye wakaiona ndugu yake, Z. Carlo Rubbia wa Italia na Simon van der Meer wa Uholanzi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata.

Kwa Wamarekani hilo lilikuwa pigo. Tangu Vita Vikuu vya Pili walizoea kwamba mashine kubwa ni zao na ugunduzi mkubwa ni wao. Mwezi Juni 1983 gazeti la New York Times lilitoa tahariri ambayo kichwa chake kiliandikwa kama matokeo ya mechi: Ulaya ina mabao matatu, Marekani haina hata moja. Mwezi uliofuata kamati ya wanafizikia wanaoishauri serikali ilipendekeza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kuacha ujenzi wa mashine ya ISABELLE huko Brookhaven, jimbo la New York, ambayo ilikwishameza zaidi ya dola milioni 200. La pili, kuruka moja kwa moja hadi kwenye mashine ambayo Ulaya isingeweza kuifikia. Mashine hiyo ndiyo iliyopewa jina la Superconducting Super Collider, kwa kifupi SSC.

Kwa wasomaji wasio wa fani, tueleze inavyofanya kazi. Protoni hukimbizwa ndani ya bomba lisilo na hewa hadi zikaribie kasi ya mwanga. Kundi moja huzunguka upande huu na jingine upande ule, kisha hugonganishwa uso kwa uso, na katika mgongano huo nishati hugeuka kuwa chembe mpya. Protoni zikiwa na nishati kubwa huwa ngumu kupindishwa, kama gari lenye mwendo mkali kwenye kona. Basi hapana budi ama sumaku za kuzipindisha ziwe na nguvu zaidi, ama kona iwe pana zaidi. SSC ilitaka yote mawili: duara la kilomita 87, na sumaku zipatazo 10,000 zilizopozwa kwa heliamu ya maji hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ili umeme upite katika nyaya zake bila ya ukinzani. Kila kundi la protoni lingekuwa na elektronivolti trilioni 20. Mashine inayofanya kazi Geneva, LHC, ina duara la kilomita 27, na ilisanifiwa kwa trilioni 7 kila upande.

Harusi ya mtu mmoja

Rais Ronald Reagan aliuidhinisha mradi mwezi Januari 1987. Inasimuliwa kwamba baada ya kusikiliza hoja za wasaidizi wake alimkumbuka mchezaji mmoja wa mpira wa Kimarekani, na kauli yake kwamba mpira urushwe mbali. Makadirio ya gharama yalikuwa dola bilioni 4.4.

Yakaja mashindano ya mahali. Majimbo 25 yalipeleka maombi 43, na mwisho yakabaki majimbo saba. Kwa muda ule wote, kila mbunge aliyedhani jimbo lake lina bahati alikuwa rafiki wa mradi. Tarehe 10 Novemba 1988 ilitangazwa kwamba Texas ndiyo iliyochaguliwa, siku mbili tu baada ya George Bush mkubwa, mwanasiasa wa Texas, kushinda uchaguzi wa urais. Kwa upande wa uhandisi uchaguzi ulikuwa na sababu: mwamba wa chokaa wa huko ni laini na unachimbika kwa urahisi, na jimbo lenyewe liliahidi dola bilioni moja kutoka mfukoni mwake. Lakini siasa haina subira ya kusikiliza habari za miamba. Mradi uliokuwa wa taifa ukaonekana tangu siku ile kuwa mradi wa Texas, na marafiki wa majimbo mengine wakaanza kupoa.

Gharama nazo zikapanda. Hapa tunataka kugusa jambo ambalo wahandisi tunalielewa kwa uchungu. Katika usanifu wa awali tundu la sumaku, yaani nafasi ambamo protoni zinapita, lilikuwa na upana wa sentimita 4. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba nafasi hiyo ni finyu mno, na mwaka 1990 ikaongezwa hadi sentimita 5. Sentimita moja! Lakini ni sentimita moja mara maelfu ya sumaku, pamoja na nyaya zake, chuma chake na upozaji wake. Aidha, mashine ndogo ya kuzianzisha protoni iliongezwa nguvu, na duara likarefushwa. Makadirio yalifika zaidi ya dola bilioni 8, na kufikia mwaka 1993 yalizidi bilioni 11. Wapo waliosema menejimenti ilikuwa mbovu, wapo waliosema wanafizikia na watu waliotoka viwanda vya silaha hawakuelewana, na yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini wabunge hawakuhesabu sentimita. Waliona bei imezidi maradufu.

Serikali ikaanza kutafuta wa kusaidia. Na hapo ndipo fahari ilipoanza kumrudi mwenyewe. Sisi watu wa michango ya harusi tunalijua jambo hili. Mtu akikaa na jamaa tangu mwanzo, wakaunda kamati, wakapanga siku, kila mmoja akaahidi kwa kadiri ya uwezo wake, shughuli hiyo huwa ya wote. Lakini mtu akipanga peke yake, akachagua ukumbi, akajigamba mtaani kwamba haijawahi kutokea harusi kama yake, kisha fedha zikampungukia akapita kwa majirani na bahasha, majirani watampa pole. Marekani ilikuwa imetangaza kwamba SSC ni mashine ya kurudisha uongozi wa Marekani. Sasa ikawaomba wengine walipe ili Marekani iongoze. Ulaya ilikuwa na mashine yake ya kufikiria. India iliahidi dola milioni 50. Tumaini kubwa lilikuwa Japani, na Rais Bush alipokwenda Tokyo mwezi Januari 1992 habari ya SSC ilikuwa katika mizigo aliyobeba. Dunia inaikumbuka safari ile kwa sababu rais aliugua ghafla mezani wakati wa dhifa. Ahadi ya fedha hakurudi nayo.

Kura moja, na kura mia na thelathini

Wakati huohuo Vita Baridi vilikwisha. Urusi ya Kisovieti ilivunjika mwezi Desemba 1991, na mshindani ambaye jina lake lilikuwa likifungua hazina ya Bunge akawa hayupo tena. Marekani ilikuwa na nakisi kubwa ya bajeti, na mwaka 1992 wapiga kura walichagua wabunge wengi wapya waliokuja mjini Washington na ahadi ya kubana matumizi.

Wanafizikia wenyewe hawakuwa na kauli moja. Steven Weinberg, mshindi wa Nobel, alitetea SSC kwa kalamu na kwa mdomo. Philip Anderson, mshindi wa Nobel pia, aliwaambia wabunge kwamba fizikia ya vitu vya kawaida, ile iliyotuletea transista, inafanywa na watu wengi kwa fedha kidogo, na kwamba si haki mashine moja imeze kiasi kile. Ilikuwa hoja nzito, kwa sababu aliyeitoa hakuwa adui wa sayansi.

Mwezi Juni 1992 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura 232 kwa 181 kuuondoa mradi katika bajeti, Seneti ikauokoa. Mwaka uliofuata ndio uliokuwa na funzo kubwa. Tarehe 23 Juni 1993 Baraza hilo liliamua juu ya kituo cha anga za juu, mradi wenye gharama kubwa kuliko SSC, nacho kikapona kwa kura moja: 216 kwa 215. Kesho yake likaja suala la SSC, na mradi ukaangushwa kwa kura 280 dhidi ya 150, tofauti ya kura 130. Mwaka huohuo Urusi ilikaribishwa kuwa mshirika wa kituo cha anga, na hivyo kikapata kazi mpya: kuwaweka maadui wa jana kwenye meza moja. SSC haikuwa na mshirika wa kuudhi endapo ingekatwa. Rais Bill Clinton alikuwa ameliandikia Bunge kwamba kuuacha mradi kungeonyesha Marekani inalegeza uongozi wake katika sayansi, lakini neno uongozi lilikwishapungua thamani. Seneti ilijaribu tena kuuokoa. Mwezi Oktoba Baraza lilikataa tena, safari hii kwa karibu kura mbili kwa moja, na mwishoni mwa mwezi huo Clinton akatia saini sheria iliyoufunga.

Sisi tuliokuwa tukisoma uhandisi ughaibuni miaka ile tunakumbuka jinsi wahadhiri walivyokuwa wakizitumia sumaku za Texas kama mfano darasani. Baadhi ya wenzetu walikwishaanza kuulizia kazi huko. Kipindi kimoja mfano ulikuwa wa mashine itakayokuja. Kipindi kilichofuata ukawa mfano wa namna mradi unavyokufa. Karibu watu 2,000 walipoteza kazi katika maabara yenyewe. Wengine walikwenda Wall Street kukokotoa hatari za hisa na madeni, kwa hesabu zilezile walizojifunza ili kuzielewa chembe. Mahandaki yaliachwa yajae maji, na majengo ya juu hatimaye yaliishia mikononi mwa kampuni ya kemikali.

Mchango wa Geneva

Ulaya nayo haikuwa ya malaika. CERN ilianzishwa mwaka 1954 na nchi 12 ambazo miaka tisa tu kabla yake baadhi zilikuwa zikiuana vitani. Fahari ilikuwepo pale tangu mwanzo: Ulaya ilitaka wasomi wake wasihamie Marekani. Lakini fahari hiyo iligawanywa kwa mkataba. Kila mwanachama hutoa kwa kadiri ya pato lake, hivyo tajiri hutoa zaidi na mnyonge hutoa kidogo, na fedha hazitegemei kura ya bunge moja kila mwaka juu ya mashine moja.

Lilipokuja suala la kuijenga LHC mwaka 1994, Ujerumani na Uingereza zilikataa kutoa idhini mpaka Ufaransa na Uswisi, ambazo zinafaidika kwa kuwa wenyeji, ziongeze mchango wao. Waligombana, wakapatana, na tarehe 16 Desemba 1994 mashine ikapitishwa, itumie handaki la kilomita 27 lililokuwepo tayari. Mwaka 1996 Ujerumani, iliyoelemewa na gharama za kuungana kwake, ilitaka mchango wake upunguzwe. Bajeti ikabanwa, ikabidi kukopa, lakini mradi haukufa, kwa sababu mwanachama mmoja akichoka mkataba haumruhusu kuzima taa za wote.

Kisha tazama walioingia. Mwaka 1995 Japani, ileile iliyokataa bahasha ya Texas, ilitangaza mchango wake kwa LHC. India ilifuata. Na mwezi Desemba 1997 Marekani yenyewe ilitia saini kuchangia dola milioni 531. Mashine iliwashwa tarehe 10 Septemba 2008, na siku tisa baadaye muunganisho mmoja wa umeme ulipofeli, heliamu ikamwagika na sumaku nyingi zikaharibika. Ilisimama zaidi ya mwaka. Hakuna aliyesema ifungwe. Tarehe 4 Julai 2012 ilitangazwa kwamba imepatikana chembe mpya, ile iliyotabiriwa na Peter Higgs, François Englert na wenzao mwaka 1964. Wamarekani zaidi ya elfu moja walikuwa miongoni mwa watafiti.

Hatusemi kwamba Geneva imefidia kila kitu. Texas ingefika nishati karibu mara tatu ya LHC, na yapo maswali ambayo pengine yangejibiwa huko na ambayo mpaka leo yanasubiri. Hasara ile si ya Wamarekani peke yao.

Na kwetu?

Afrika Mashariki imo katika habari hii kwa mlango mdogo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setelaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini, Ngomeni, karibu na Malindi. Setelaiti ilikuwa ya Marekani, warushaji walikuwa Waitalia, bahari ilikuwa yetu, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002. Neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota dunia nzima, nasi tunalionea fahari. Lakini jina halisomeshi mtu fizikia.

Mlango mpana zaidi ni darubini ya redio ya SKA. Afrika Kusini na Australia zilishindana vikali kuipata, kila moja ikipiga ngoma ya taifa lake, na mwezi Mei 2012 iliamuliwa zigawane. Mwaka 2019 nchi saba zilitia saini mkataba mjini Roma wa kuianzisha taasisi yake, kwa mfano unaofanana na ule wa CERN, na Kenya ni miongoni mwa nchi za Kiafrika zilizoingia kama washirika wa Afrika Kusini. Hapo ndipo wazazi wenye vijana wanaopenda hisabati wanapopaswa kuuliza: nafasi za masomo ni ngapi, na wataalamu wangapi watabaki baada ya picha za ufunguzi kupigwa?

Maana fahari si kitu kibaya. Bila ya fahari pengine hata Wilson asingepata mtu wa kumsikiliza. Ubaya wake ni kwamba huwaita watu haraka na huwatawanya haraka, na mashine ya miaka 20 haiwezi kuishi kwa kelele za siku ya uzinduzi. Basi siku mkubwa yeyote, wa huku au wa kule, atakapotuomba fedha kwa jina la heshima ya taifa, tumwulize kwa adabu maswali matatu. Sayansi yenyewe ni ipi? Nani mwingine ametia saini? Na ikipungua, nani ataongeza?

Tuonane toleo lijalo, panapo majaliwa.